Bonge Linaloyeyuka Kabla ya Wakati: Damu, Uzazi na Saa Tatu za Mwanzo



Mwenzangu mmoja husema kwamba utafiti wa kuyeyuka kwa mabonge ya damu ni anasa ya nchi tajiri. Kwetu, asema, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji mambo mawili tu: mji wa mimba ukaze na chupa ya damu ipatikane. Namheshimu sana, lakini leo nampinga.

Kwamba plasmini hukata nyuzi za fibrini zinazolishikilia bonge mnajua tayari. Nauliza hivi: zikikatwa kabla jeraha halijaziba, oksitosini inayokaza mji wa mimba itafanya nini peke yake? Kumwongezea mama damu wakati mabonge yake yanayeyuka ni kujaza debe lililotoboka. Nikiwa daktari kijana wa zamu niliweka damu ya mzazi mmoja katika bomba la kioo. Ikaganda vizuri. Saa moja haijatimia, imekuwa maji tena. Tangu usiku ule, mtu akiniambia damu haikuganda, namuuliza kama alilitazama bomba mara ya pili.

Mwenzangu ana hoja moja nzito. Jaribio la WOMAN, lililochapishwa 2017, lilihusisha wanawake 20,060 waliovuja damu baada ya kujifungua, wa nchi 21, Kongo yetu ikiwemo. Waliofariki au kuondolewa mji wa mimba walikuwa asilimia 5.3 kwa waliopewa asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia mabonge yasiyeyuke, na 5.5 kwa wasiopewa. Tofauti hiyo si kitu, nakubali. Lakini mara nyingi uamuzi wa kuondoa mji wa mimba ulipitishwa saa ileile mama alipoingizwa katika jaribio. Dawa ingezuiaje kisu kilichokwisha kuamuliwa? Tazameni vifo vya kuvuja damu: vilishuka kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5, na kwa waliotibiwa ndani ya saa tatu baada ya kujifungua, kutoka 1.7 hadi 1.2. Baada ya saa tatu, faida haikuonekana. Mabonge ya hatari mishipani hayakuongezeka.

Na dawa hii haikuzaliwa katika anasa. Someni makala ya mwaka 1962 ya Utako Okamoto na mumewe Shosuke, katika jarida la Keio, Tokyo. Mimi huirudia kila mwaka. Walipoanza utafiti, Japani ilikuwa imetoka vitani. Walichagua kuchunguza damu kwa sababu ikikosekana wangetoa yao wenyewe. Utako alifanya kazi maabarani huku bintiye akiwa mgongoni. Walianza na lisini, wakapata molekuli ya kwanza ya kuzuia plasmini, kisha asidi ya traneksamiki, iliyoishinda ile ya kwanza kwa nguvu mara 27. Utako aliwasihi madaktari wa uzazi wa Kobe waijaribu, hawakukubali. Alifariki 2016, mwaka mmoja kabla ya matokeo ya WOMAN.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani linashauri gramu 1 mshipani, ndani ya saa tatu. Masika yakikata barabara ya Kasenga, saa hizo huishia njiani. Kwa hiyo nasisitiza: dawa hii isisubiri hospitali kubwa za Lubumbashi. Iwe katika kituo cha afya, pamoja na oksitosini, na mkunga awe na idhini ya kuidunga damu inapoanza kuzidi, bila kumngoja daktari.