Tusihesabu Majembe Tu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



 Nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yangu nilisita kidogo, maana mtumishi wa maji hana hadithi za kusisimua. Maji yakitoka hakuna anayetukumbuka. Yakikatika, kila mtu anazijua namba zetu. Hata hivyo liko jambo moja ambalo limenifundisha, nalo ni matumizi ya simu na kompyuta katika kuwasimamia wafanyakazi wa nje: wasoma dira, mafundi wa bomba, na wale wanaoamshwa usiku bomba linapopasuka.

Naomba nianzie hapa hapa shuleni. Wenzangu mtakumbuka kazi za shamba za Jumamosi. Kiranja alisimama njiapanda na daftari lake, akihesabu majembe begani. Ukipita na jembe, umehudhuria. Wako waliopita na jembe, wakazunguka nyuma ya bweni, wakalala chini ya mwembe. Sitawataja majina, maana mmoja wao ndiye Mwenyekiti wetu wa leo. (Kicheko.) Lakini mwalimu wa zamu hakuhesabu majembe. Yeye alishuka bondeni kutazama matuta.

Nilipotoka Chuo Kikuu na kuajiriwa, usimamizi wetu ulikuwa wa karatasi. Asubuhi mafundi walikusanyika uani, kila mmoja akapewa karatasi yake ya kazi, wakatawanyika. Tulionana nao jioni. Katikati hapo hatukujua lolote. Mteja aliyekuja kulalamika aliandikwa kitabuni, na kitabu kikijaa kilifungiwa kabatini. Walikuwapo pia wasoma dira waliosoma dira hizo wakiwa wamekaa nyumbani kwao: walitazama uniti za mwezi uliopita, wakaongeza kidogo, basi. Mjane akaletewa ankara ya maji ambayo hakuyatumia.

Leo mambo ni tofauti. Msoma dira hupiga picha ya dira, na picha hiyo hubeba saa na mahali ilipopigwa. Fundi hupokea kazi katika simu, na akimaliza huandika papo hapo. Msimamizi hutazama ramani katika kompyuta, akaona nani yuko karibu na bomba lililopasuka, akamtuma huyo badala ya kumtoa mtu upande wa pili wa mji. Faida hizo ni za kweli, wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani nazipinga.

Hata hivyo hapana budi kuelewa jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Simu hupokea mawimbi ya redio kutoka kwenye setelaiti. Zile za GPS, mtambo wa Marekani unaojulikana zaidi, huzunguka dunia katika kimo cha kilometa zipatazo 20,000. Ili simu ijue mahali ilipo kwa usahihi, inahitaji kuzipata setelaiti zisizopungua nne. Mpaka mwezi Mei mwaka 2000 Wamarekani wenyewe waliupunguza kwa makusudi usahihi wa mtambo huo kwa watumiaji wa kawaida. Siku hizi, mahali pa wazi, simu hukosea kwa mita chache tu. Lakini setelaiti hazimwambii msimamizi chochote. Anayempelekea habari ni simu yenyewe, nayo hupitia kwenye mnara wa simu. Pasipo na mnara, ramani ya ofisini huendelea kuonyesha pale ilipoonekana mara ya mwisho.

Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo. Kuyasoma ni jambo moja, kuyakumbuka umeshika kalamu ni jambo jingine.

Mwaka 2021 nilikuwa msimamizi katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wenye milima. Tulikuwa na fundi mtu mzima, aliyebakiwa na miaka michache kufikia umri wa kustaafu wa miaka 60. Siku moja nukta yake kwenye ramani ilisimama kando ya barabara kwa muda wa saa mbili na nusu. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamwandikia barua ya onyo, na nakala ikaenda kwenye jalada lake.

Alikuja ofisini na barua mkononi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mkuu, kama una nafasi, twende ukaone."

Tulikwenda. Gari tuliliacha barabarani, tukashuka korongoni kwa miguu. Kwenye kona ya pili simu yangu ilipoteza mtandao. Chini kabisa palikuwa na chemba yenye kina cha kumpita mtu, imejaa tope, na ndani yake valvu ya zamani iliyokuwa ikivuja. Kwa siku tatu mzee yule alikuwa akichota tope kwa ndoo na kuilegeza valvu ile kidogo kidogo, kwa kuwa angeilazimisha ingevunjika, na upande mzima wa mji ungekosa maji. Nilivua viatu nikamsaidia kuchota.

Tuliporudi ofisini, binti aliyekuwa kwenye kompyuta aliniuliza, "Bosi, gari liliwaharibikia? Naona mlisimama barabarani saa nzima."

Ndugu Mwenyekiti, siku ile nilijua kuwa mimi ndiye kiranja wa njiapanda. Nilimwomba mzee radhi mbele ya mafundi wenzake. Lakini barua iliyoingia jaladani haitolewi kwa radhi ya mdomo. Niliandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza, nikaeleza kwamba kosa lilikuwa langu. Ndiyo barua iliyonigharimu muda mrefu kuliko zote nilizowahi kuandika.

Baada ya hapo tulibadili utaratibu. Kwanza, hakuna onyo linalotolewa kwa ajili ya ramani peke yake; lazima fundi aulizwe, na ikibidi mtu aende akaone. Pili, muda wa kazi ukiisha, ufuatiliaji nao unazimwa. Nyumbani kwa fundi si mahali pa msimamizi kuchungulia. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali na inayojulikana. Tatu, mafundi wenyewe wakaulizwa simu hiyo iwasaidie nini.

Jibu la mzee yule ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko yote. Alisema simu ile imfuate kwenye valvu, isimfuate yeye. Maana nusu ya mabomba ya mji ule yalikuwa kichwani mwake tu. Ramani za karatasi zilikwisha kuliwa na mchwa. Basi akatembea na simu majuma kadhaa, akisimama juu ya kila valvu aliyoikumbuka na kuiweka kwenye ramani. Aliweka valvu 63, nyingine zikiwa zimefunikwa na lami au na vibanda vya soko. Kisha akastaafu.

Mwaka uliofuata bomba kubwa lilipasuka usiku. Fundi wa zamu alikuwa msichana mwenye miezi minne kazini. Alifungua simu, akahesabu hatua, akachimba, akaifikia valvu na kuifunga. Asubuhi alimpigia mzee kumshukuru.

Ninyi wanafunzi, wengine mtakuja kutengeneza programu hizi, na wengine mtakaa mbele ya kompyuta mkiwatazama watu wazima kama nukta. Someni kompyuta kwa bidii. Lakini siku moja moja acheni kiti, mshuke bondeni mkatazame matuta.