JIMBO LILILOTOWEKA, NA MAJINA YETU KITABUNI
(Mazungumzo mbele ya wanachama watokao Migori na Homa Bay)



Tumeombwa kusema juu ya jimbo la uchaguzi ambalo halipo tena, yaani Nairobi Mashariki. Mtauliza, sisi watu wa Migori na Homa Bay twahusika nini na Nairobi? Twahusika sana. Mjumbe wake alikuwa Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, na kabla ya kuwa mjumbe alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi kama sisi.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8. Nyanza ya Kusini, nyumbani kwetu, alichaguliwa Lawrence Oguda. Nairobi, Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek kwa kura chache. Lakini si kila mtu aliyepiga kura. Sheria ilitazama elimu, mshahara, mali na utumishi. Mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura 3. Kibarua wa njia ya reli asiye na sifa hizo hakupata hata 1.

Kufika Februari 1961 masharti yalikuwa yamelegezwa, na watu wengi zaidi wakaandikishwa. Katika Nairobi Mashariki Mboya alipata kura zaidi ya 31,000. Mpinzani wake, Daktari Munyua Waiyaki, hakufika 3,000. Ndugu, hapo pana jambo la kufikiri. Wapiga kura wengi wa jimbo lile walikuwa Wakikuyu, na Mboya mtu wa ziwani. Hawakuuliza kwao ni wapi. Walimjua kwa kazi yake, kwa mfano alivyosaidia kupatanisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa mwaka 1955.

Mwaka 1963 mipaka ilikatwa upya. Mboya akasimama Nairobi ya Kati, jimbo ambalo baadaye liliitwa Kamukunji, akashinda. Tarehe 5 Julai 1969 aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, akazikwa Rusinga. Katika majimbo 290 ya leo, Nairobi Mashariki haimo.

Sasa tujitazame wenyewe. Tarehe 9 Agosti 2022 majina ya wengi wetu yalikuwa katika vitabu vya Mbita, Rongo na Suna, na sisi tuko mjini. Wengine tulimaliza mshahara kwa nauli. Wengine zamu haikutuachia, tukakaa kazini bila kupiga kura popote. Na maji ya mtaa tunamoishi, taka zake, shule ya watoto wetu, yakaamuliwa na wengine.

Wako watakaosema, kwetu ni kwetu. Ni kweli, hata Mboya alirudishwa Rusinga. Lakini kura aliziomba pale alipofanya kazi.

Basi twashauri hivi. Mwenye mke na shamba nyumbani, aendaye kila mara, na abaki huko. Lakini aishiye mjini mwaka mzima pamoja na watoto, aende kwa Tume ya Uchaguzi na kitambulisho chake ahamishe jina mapema, kabla kitabu hakijafungwa. Wazee wetu walinyimwa kura kwa sheria. Tusijinyime wenyewe kwa uvivu. Asiyekuwapo na lake halipo.