Pai ya Watu Wanne, Meza ya Watu Wanane

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu jambo la jikoni ambalo limewafika wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza, hasa siku za Jumamosi. Chakula kimekwisha kupikwa kwa idadi ya watu wa nyumbani, mara simu inalia, na sauti ya ndugu inasema: "Tuko njiani, imebaki saa moja tu."

Mimi yalinifika majira ya baridi yaliyopita, nami nilikuwa nimeandaa pai ya samaki. Kwa wasioifahamu, pai hii ya Kiingereza haifunikwi kwa unga uliokandwa. Samaki mweupe, aghalabu cod au haddock, pamoja na kipande cha haddock aliyekaushwa kwa moshi, hutokoswa katika maziwa. Maziwa yale yale hugeuzwa rojo zito kwa siagi na unga wa ngano, kisha vyote humiminwa katika bakuli la kuokea na kufunikwa kwa viazi vilivyopondwa, halafu huokwa mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu. Nilikuwa nimetumia gramu 600 za samaki na kilo moja ya viazi, kadiri ya watu wanne. Waliokuwa njiani ni shangazi yangu, binti yake na wajukuu wawili.

Lau ungekuwa mchuzi wa samaki wa nazi, ningejua la kufanya: tui jepesi kidogo, nyanya moja, bamia chache, na sufuria ya wali iliyojaa. Mchuzi hurefuka. Pai hairefuki, ikishafunikwa viazi vyake imekwisha kufunga hesabu, na kila aketiye mezani huona kwa macho ukubwa wa kipande alichopewa. Sinia la pamoja lina sitara yake, kwani mkono wa mtu mzima hupunguza mwendo bila ya yeyote kutambua. Sahani ya Kiingereza haina sitara hiyo.

Na hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Katika nyumba nyingi, chakula kinapopungua, kinachojaza pengo ni uongo wa mama: "Mimi nimeshiba, kuleni nyie." Shangazi yangu alitulea kwa maneno hayo. Nilipokuwa mtoto niliyasadiki. Sasa nina watoto wangu, nami nimekwisha kuyasema mara kadhaa, nayajua yalivyo. Siku ile nilikuwa na yakini kwamba akiona bakuli moja na vichwa vinane atayasema tena. Kwa hiyo katika saa ile moja nilitaka kuijaza meza kiasi kwamba maneno hayo yakose pa kuingilia.

Wazo linalomjia kwanza mtu wa pwani ni wali. Nawaomba, kwa pai ya samaki, tuuache. Viazi vimo tayari, na wali juu ya viazi ni wanga juu ya wanga, hata ladha ya samaki ipotee. Isitoshe, gramu 600 kwa watu wanane ni gramu 75 tu kwa kila mmoja. Kilichopungua si cha kujaza tumbo, bali ni chakula cha kujenga mwili, na hicho hupatikana kwa bei nafuu katika jamii ya kunde.

Basi nilianza na supu ya adesi, zile nyekundu zilizokobolewa, ambazo hazihitaji kulowekwa. Nilikaanga kitunguu, thomu, tangawizi na bizari ya manjano, nikatia gramu 300 za adesi na lita mbili za maji, na baada ya dakika 25 zilikuwa zimevurugika zenyewe. Chumvi na ndimu hutiwa mwishoni. Supu hii isiwekwe kando ya pai. Inywewe kwanza, ingali moto, kwa mkate uliochomwa. Watu watokao safarini kwenye baridi huipokea kwa furaha, na aliyekwisha kunywa kikombe kizima cha adesi haufuati mwiko wa mpakuaji kwa macho ya njaa.

Wakati huo oveni ilikuwa ikiwaka kwa ajili ya pai, nyuzi 200, na chini yake nafasi tupu. Tangu bei ya gesi na umeme ilipopanda mno hapa mwaka 2022, naona vibaya kuiacha nafasi hiyo bure. Nilikata kilo ya karoti kwa urefu, nikazipaka mafuta, chumvi na bizari nyembamba, nikazisukuma chini. Kwa muda wa dakika 40 hivi hulainika na utamu wake huzidi.

Kisha kabichi. Pai ya samaki ni chakula laini na cheupe, hivyo kinywa huhitaji kitu cha kutafuna. Nusu ya kabichi iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kwa mbegu za haradali na kitunguu kwa dakika saba tu, hubakia na ukakamavu wake. Wenyeji huweka njegere, nao hawakukosea: zile zilizogandishwa zinaiva kwa dakika tatu, na watoto huzila bila kubembelezwa.

Hesabu hii hata Waingereza wenyewe wanaijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia samaki hakuwekewa mgawo, lakini alikuwa adimu na ghali, na meza zilijazwa kwa viazi na mboga za bustanini. Pai moja ya mboga tupu ilipewa hata jina la Lord Woolton, aliyekuwa waziri wa chakula tangu 1940 hadi 1943.

Lililobaki ni ukali. Nyanya za huku wakati wa baridi hazina ladha, kwa hiyo kachumbari yangu ilikuwa ya kitunguu chekundu kilichofikichwa chumvi, kikasuuzwa, kikatiwa siki na pilipili. Nikaweka na chupa ya achari ya embe. Mwenyeji akiona achari kando ya pai yake huenda akashangaa. Na ashangae, mbona yeye humtilia siki samaki wake wa kukaanga!

Katika kupakua, mboga ziliwekwa mezani kila mtu ajiongezee, ila pai niliipakua mwenyewe. Niliigawa mafungu tisa, si manane. Sitasema kwamba kila mtu aliridhika: mwanangu mkubwa, aliye katika umri wa kula nyumba na milango yake, aliomba mkate mara mbili. Lau ningejua tangu asubuhi ningeongeza mayai manne ya kuchemsha ndani ya pai, kama wafanyavyo wenyeji.

Shangazi alikunywa supu yake, akala fungu lake, akaongeza kabichi na karoti. Kisha akalitazama fungu lililobaki katika bakuli.

"Mwanangu, na hili la nani?"

"Lako, shangazi."

Aliwatazama watoto. Mmoja alikuwa akichezea njegere, wengine wamekwisha kuondoka mezani. Akasogeza sahani yake.

Kwa leo, wapenzi wasikilizaji, naishia hapo. Kwaherini.