FUNDI NAYE ANA HAKI YA KUSEMA "HAPANA"

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya mafundi na wasanii wa Kilosa na Mikumi)



Katika semina nyingi mmefundishwa kwamba mteja ni mfalme. Leo naomba tuangalie upande wa pili: kuna wakati fundi mwema anapaswa kumkatalia mteja. Nina sababu nne.

Kwanza ni muda. Krismasi ikikaribia, kila kwaya inataka sare. Fundi cherehani mwenye uwezo wa kushonea kwaya mbili akipokea vitambaa vya kwaya tano, amezidanganya tatu. Kila siku ni "njoo kesho", na mwishowe nguo zinashonwa usiku na hazimkai mtu. Mshika mbili moja humponyoka.

Pili ni bei na sheria. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Mteja anayetaka kinyago kwa bei ya kuni anamsukuma mchongaji kununua gogo lililovunwa bila kibali, kinyume cha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Nanyi wa Mikumi mnaishi jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mteja akinong'ona habari za pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, hapo hakuna kupatana bei. Mwambie hapana, mara moja.

Tatu ni kuiga. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha za ukutani katika kanisa la Murang'a, Kenya. Hakunakili picha za Ulaya; alimchora Yesu Mwafrika, katika mandhari ya vilima vya pale pale. Alishikilia kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Basi mteja akikuletea picha ya kalenda na kusema "nitolee hii hii", muulize kwanza anataka picha hiyo iwaambie nini watu wake.

Nne ni utu, na hapa naomba wafadhili na sisi wa ofisini tusikilize vizuri, kwa kuwa mteja ni sisi. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009, maelfu ya watu walikosa makazi na wengi waliishi kwenye mahema. Katika maafa kama hayo mpiga picha anaweza kuagizwa: "Tutafutie mtoto anayelia, asiye na nguo." Mtoto huyo atakua, ataenda shule, na wenzake wataiona picha ile. Mpiga picha akikataa, asionekane mkaidi. Amemlinda mtoto wetu. Kama mchango unategemea machozi, mwakani itabidi tutafute mtoto anayelia zaidi.

Kukataa nako kuna adabu yake. Sema mapema, kabla hujapokea malipo ya awali. Toa sababu moja ya kweli. Eleza unachoweza kufanya, au mwelekeze mteja kwa fundi mwenzako. Mkikubaliana, andikeni: kazi gani, bei gani, tarehe gani.

Najua kuna atakayeuliza, "Nikikataa, watoto watakula nini?" Swali hilo ni la haki. Hapana ya mtu mwenye njaa ni ngumu kutoka mdomoni. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwa fundi peke yake. Mafundi, jiungeni katika vikundi vya kuweka na kukopa, ili mwezi mbaya usimlazimishe mtu kupokea kazi mbaya. Kamati za sharika, pelekeni vitambaa vya kwaya mwezi wa Septemba, si wiki ya Krismasi, na lipeni sehemu ya fedha mapema. Wafadhili, kabla ya kuomba picha, ulizeni kama mhusika ameridhia.

Tukifanya hivyo, fundi akitujibu "ndiyo" tutaweza kuitegemea, maana tunajua angeweza pia kusema "hapana".