Jambo OpenOffice na Haki ya Waliofanya Kazi

Wazee wa Nachingwea wanaujua vizuri mradi unaoamuliwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga. Matrekta yakashushwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi huku bara. Mwaka 1951 London ikaufuta mpango wenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mwenye mradi alipochoka, wenyeji hawakuwa na karatasi yoyote ya kudai chochote.

Kipindi cha leo kinahusu mradi mwingine uliobadili mwenye, nao ukaishia kwingine kabisa.

Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua, kupiga mahesabu na kutayarisha maonyesho, yote kwa Kiswahili. Ilitokana na mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na idara ya sayansi ya kompyuta pamoja na kampuni ya Sweden, IT+46. Watafsiri walipita neno kwa neno, amri kwa amri. Kazi hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Lakini OpenOffice, programu waliyoitafsiri, ilikuwa ya nani? Kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, ilinunua programu mama mwaka 1999 na kuufungua kwa umma msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, mwaka uliofuata. Aliyechangia msimbo alitakiwa kusaini mkataba wa kumiliki pamoja na Sun: yeye alibaki na haki yake, na Sun ikapata haki ileile kamili. Wachangiaji walikuwa wengi, kila mmoja na kipande chake. Aliyeshika vipande vyote ni mmoja tu.

Uzito wa saini hizo ulionekana mwaka 2010, kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun. Wachangiaji wengi waliingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huo wakaunda The Document Foundation na kuanzisha LibreOffice kwa msimbo uleule. Hawakuomba ruhusa. Leseni iliyoitwa LGPL ilikuwa imekwisha kumruhusu mtu yeyote kunakili, kurekebisha na kusambaza, mradi msimbo huo na marekebisho yake vibaki chini ya masharti yaleyale.

Juni 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa shirika la Apache Software Foundation, ikawekwa chini ya leseni tofauti kabisa. Iliweza kwa sababu hati zote zilikuwa mkononi mwake. LibreOffice haikutaka kurudia hilo: kila mchangiaji hubaki na hakimiliki yake, anatoa leseni tu, na hakuna kampuni inayoweza kuuza kazi ya wote kwa saini moja. Kiswahili cha Tanzania kimo miongoni mwa lugha zake.

Kwa maoni ya kipindi hiki, hapo ndipo karanga na kompyuta zinapoachana. Leseni iliandikwa mapema, kabla mwenye hajabadilika.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama maandishi mengine. Basi kijana wa Ruangwa au Nachingwea anayeandika au kutafsiri programu na wenzake, aulize kabla ya kutia saini: je, anaikabidhi hakimiliki yake, au anatoa leseni tu? Na jibu alipate kwa maandishi.