Mirathi ya Yatima na Amani ya Mtaa

Ndugu waumini na majirani wetu wa Karatu na Ngorongoro,

Tumwonapo kijana amelala stendi, huuliza kakosa malezi ya nani. Tuulize pia: kiwanja cha marehemu baba yake kiko wapi? Barabara iendayo kreta imepandisha thamani ya ardhi, na baadhi ya ndugu huuza mirathi upesi. Mtoto akikosa makao, wizi humfungulia mlango.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1876 huko Philadelphia, bima ya hati humfidia mnunuzi hati ikibainika kuwa na kasoro. Bima hiyo humlinda mwenye fedha, si yatima. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huiwezesha familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila.

Basi kabla ya kununua, tufanye upekuzi kwa msajili wa hati, tuulize halmashauri ya kijiji na majirani wa mpakani, tudai hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Tukikataa kununua haki ya yatima, tumezuia uhalifu kabla haujazaliwa.