Shika Kalamu, Utembee Mji Wako wa Pangani

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo wa Pangani.)

 

Leo sikuja na chaki. Kusoma mnajua, kuandika mnajua. Nimekuja tuzungumze juu ya miguu na kalamu.

Mji wetu wa Pangani ni mji wa zamani, nao umekaa pale mto unapoingia baharini. Una njia za miguu zilizopitwa na watu wengi kabla yetu. Kila njia ina habari yake. Lakini habari hizo nyingi hazimo katika kitabu chochote. Zimo vichwani mwa wazee. Na wazee wanaondoka. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi na historia ni mali, ndugu zangu. Hebu tuitafutie daftari.

Aliyeandika ndiye anayekumbukwa

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa Pangani. Wakapanda na mto, kisha wakatembea mpaka Fuga, ndiyo Vuga ya Usambaa, kumwona Mfalme Kimweri. Mwaka 1887 akaja Teleki, mtu wa Hungaria, pamoja na mwenzake von Höhnel. Msafara wao uliondoka hapa hapa Pangani ukapita Kilimanjaro, na mwaka 1888 wakafika Ziwa Turkana.

Majina ya watu hao tunayajua kwa sababu gani? Kwa sababu waliandika. Burton aliandika kitabu, na von Höhnel naye aliandika. Lakini Teleki hakujibebea mizigo yake. Ilibebwa na mamia ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na aliubeba kichwani au begani siku baada ya siku. Mpagazi huyo aliiona njia kuliko bwana wake, maana miguu yake ndiyo iliyokanyaga miiba. Lakini hakuandika. Basi leo jina lake hatunalo.

Sasa tazameni mfano wa pili. Vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, vya mwaka 1888 na 1889, viliandikwa sana na Wajerumani wenyewe. Lakini mtu wa pwani yetu, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, naye alishika kalamu akatunga utenzi mrefu juu ya vita hivyo. Kwa sababu yake tunapata kusikia upande wetu kwa Kiswahili chetu. Mtu mmoja tu na kalamu yake! Je, tungekuwa na kumi?

Kwa hiyo nataka niwatajie njia tatu. Mtazipita kwa miguu yenu, na daftari mkononi.

Njia ya kwanza: ndani ya mji

Anzia kivukoni, asubuhi kabla jua halijawa kali. Simama kwanza utazame mto. Maji haya yametoka mbali, Kilimanjaro na Meru, yakasafiri kilomita kama 500 hata kufika hapa. Mto huu ndio uliouzaa mji. Majahazi yalitoka baharini, misafara ilitoka bara, vikakutana hapa. Pembe za ndovu zilishuka. Nguo, shanga na waya zilipanda. Na watu pia walishushwa hapa, wamefungwa, wakauzwa kama bidhaa. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: ni karibu miaka 50 katikati.

Kutoka hapo tembea polepole kando ya mto, upite kwenye majengo ya zamani ya forodha na boma. Boma hilo lina masimulizi yake. Watu husema kwamba lilipojengwa, watumwa walizikwa hai katika msingi wake ili jengo liwe imara. Sasa mtaniuliza: mwalimu, ni kweli? Nami nawajibu: andika kwamba watu wanasema hivyo. Andika nani kakwambia, na yeye aliambiwa na nani. Usiandike kana kwamba ulikuwapo. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesoma: kutenganisha yanayosimuliwa na yanayothibitika, bila kuyatupa yanayosimuliwa. Hata kama masimulizi hayo hayana ushahidi, yanatuonyesha jinsi watu wa mji walivyokumbuka utumwa.

Ingia ndani kidogo, mpaka mtaa wa Wahindi. Tazama nyumba za ghorofa zenye roshani, na maduka ya zamani. Tazama milango ya kuchongwa. Nyumba nyingine zinabomoka, tunaziona kila siku. Hapa nina neno. Akija mtu na fedha zake akataka kununua mlango wa babu yako auchukue aende nao, fikiri mara mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za kuchongwa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Kuitoa nchini bila kibali ni kosa. Na zaidi ya sheria, fedha ya mlango huliwa mwezi mmoja, ikaisha. Mlango haurudi.

Katika mji huu huu, Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika utawala baada ya mkataba na Sultani. Wakala wake hapa, Emil von Zelewski, alitumia ubabe na kuwadharau watu. Mwezi uliofuata wenyeji walimzingira nyumbani yeye na wenzake, mpaka wakaondolewa kupelekwa Unguja. Huyu Zelewski ndiye aliyekuja kuuawa na Wahehe huko Lugalo, Agosti 1891. Kiongozi aliyejulikana zaidi katika vita vya pwani alikuwa Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa huku kwetu. Wajerumani waliuteka mji mwaka 1889, na Abushiri akanyongwa hapa Pangani Desemba mwaka huo huo. Leo jina lake liko katika kata ya Bushiri. Waulizeni vijana wa hapo kama wanajua jina hilo limetoka wapi.

Njia ya pili: ng'ambo ya mto

Vuka maji uende Bweni, upande kilima. Geuka nyuma: mji wote uko mbele yako, na mto, na bahari. Mtu aliyezaliwa Pangani asiyepata kuutazama mji wake toka Bweni, bado hajauona.

Kutoka Bweni nenda upande wa Kikogwe. Hapo ndipo mkonge ulipoanzia katika nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyosalia ikapandwa Kikogwe ilikuwa miche 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, hata katika miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Wangapi kati yetu wana baba au babu aliyekata mkonge? Naona mikono mingi. Basi, hiyo ndiyo habari ya kuandika. Aliamka saa ngapi? Alikata matita mangapi kwa siku? Alilipwa nini? Alitoka wapi, na kwa nini hakurudi kwao?

Ng'ambo hiyo ina habari nyingine ya zamani zaidi. Wakati wa mashamba ya miwa, watumwa wengine hawakukubali. Walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao wenyewe wakavilinda. Watoro hao walikuwa watu waliotaka kujitawala, na habari zao hazistahili kupotea.

Lakini hapa tuwe na adabu. Usimwulize mtu mbele ya watu kama babu yake alikuwa mtumwa. Jambo hilo linauma hata leo. Mwache mzee aseme mwenyewe anachotaka kusema. Akisema, "Hili usiliandike," basi usiliandike. Kalamu isiyo na adabu huvunja nyumba.

Njia ya tatu: kupanda na mto

Njia hii ndiyo ya misafara. Ilifuata bonde la mto kwenda Korogwe na Mombo, ikapita Upare hata Kilimanjaro. Hatuwezi kuimaliza, wala hatuna haja. Twende mwendo wa saa moja au mbili tu, tukipita kwenye minazi na mashamba, tukirudi kabla ya jua la utosi.

Huku mto wenyewe ndio kitabu. Waulize wakulima wa kando: maji ya chumvi yanafika wapi siku hizi, na zamani yalifika wapi? Maana huko juu maji yanatumika kwa kilimo cha umwagiliaji, na kwa umeme, kuanzia bwawa la Nyumba ya Mungu hata Hale na maporomoko ya Pangani. Hayo tunayahitaji; hata taa zetu zinatoka humo. Lakini maji matamu yanayofika huku chini yanapopungua, bahari hupanda mtoni. Shamba lililokuwa zuri huanza kuharibika.

Mkulima hulijua jambo hili shambani mwake, ila mara nyingi hana maandishi. Akienda mkutanoni akasema, "Zamani haikuwa hivi," huulizwa: zamani lini? Wapi? Lakini akifungua daftari akasoma, "Mwaka fulani, mwezi fulani, maji ya kisima hiki yalianza kuwa na chumvi; mwaka uliofuata minazi minane ikafa," basi neno lake lina uzito. Ndiyo maana nasema kuandika si mchezo wa kujifurahisha. Ni kinga ya mnyonge.

Kumbukeni pia: mto huu una mamba. Tusitembee ukingoni kabisa, wala tusiteke maji mahali tusipopajua.

Namna ya kutembea

Mtu atasema: mimi nimezaliwa hapa, nitembee nikitafuta nini? Nasema, kupita ni jambo moja, kutazama ni jambo jingine. Basi fuateni haya:

1. Nendeni watu watatu au wanne, wake kwa waume. Mmoja aulize, mmoja aandike, mwingine atazame. Wanawake waulizwe pia, maana yako mambo ambayo wazee wa kiume hawayajui: ya visima, ya ngoma, ya ndoa, ya njaa.

2. Pigeni hodi. Semeni mmetoka wapi na mnataka nini. Msiingie nyumba ya mtu au msikiti na daftari kama makarani wa kodi.

3. Andikeni tarehe, mahali, na jina la msimulizi kama ameruhusu. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya lahaja ya zamani. Msiyasafishe.

4. Wazee wawili wakitofautiana, andikeni yote mawili. Msiamue nyinyi.

5. Mkishamaliza, msomeeni mzee mlichoandika. Atawasahihisha. Tena atafurahi kusikia maneno yake yakirudi kutoka kwenye karatasi.

6. Andikeni nakala mbili. Moja ikae na mwandishi, nyingine shuleni au maktabani, mbali na mchwa na mvua.

Kwa nini sasa?

Mambo yanabadilika upesi. Ujenzi wa barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hata Bagamoyo, pamoja na daraja la mto wetu, ni jambo la heri. Mgonjwa atafika hospitali mapema. Mnazi na samaki watapata soko. Lakini gari hupita, halisimami. Mtoto atakayekua akivuka darajani hatajua pantoni ilikuwa wapi, wala mtumbwi wa kabla ya pantoni, wala nyimbo za wavushaji. Nani atamwambia?

Na jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Kisomo ni kama jembe: lisipotumika hupata kutu. Nimewaona watu waliofaulu vizuri, baada ya miaka michache wanarudi kutia dole gumba. Hawakuwa wajinga, walikosa cha kusoma na cha kuandika tu. Cha kuandika sisi tunacho. Kipo nje ya mlango.

Basi kazi yetu ni hii. Kabla ya mkutano ujao kila kikundi kipite njia moja kati ya hizi tatu, na kila mtu alete ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja tu. Hati mbaya si hoja, wala makosa ya herufi si hoja. Tutasomeana, tutasahihishana, na zile zilizo nzuri tutazipeleka gazetini, wenzetu wa wilaya nyingine wasome nao waige kwao.

Sasa nani anachukua njia ya kwanza?